Kukadiria joto la bahari ya kale kwa magamba ya foraminifera: mwongozo kwa aliyeko Mwanza

Mlinganyo wa kubadili isotopu za oksijeni (oksijeni za uzito tofauti) kuwa nyuzi joto unatosha kwenye mstari mmoja wa Excel. Ndiyo maana kila anayeanza huukimbilia, na ndiyo maana wengi hutoka na joto ambalo bahari haijawahi kuwa nalo. Kazi yenyewe iko kabla ya mlinganyo: kwenye tope, kwenye brashi, na zaidi ya yote kwenye swali nitakalolirudia mpaka ulichoke: gamba hili lilijengwa ndani ya maji gani?

Nimemwandikia mwanafunzi au mwalimu wa sayansi aliyeko Mwanza, Musoma au Bukoba, ambaye bahari iko mbali naye zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Umbali huo hausumbui sana kama watu wanavyodhani. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika mezani, na ziwa lililo mbele yetu linafundisha jambo moja la somo hili vizuri kuliko bahari yenyewe. Tuanze na hilo.

Gamba linabeba habari mbili kwa mpigo

Karibu oksijeni yote duniani ni ile yenye uzito wa 16. Inafika asilimia 99.76. Ile ya 18 ni kama asilimia 0.2 tu, na ya 17 ni haba kiasi kwamba hapa hatutaigusa. Foraminifera ni viumbe wa seli moja wa baharini, wengi wao wadogo kama punje ya chumvi ya mezani, wanaojijengea gamba la kalsiamu kaboneti kutokana na maji yanayowazunguka. Wakijenga kwenye maji baridi, gamba hubeba oksijeni 18 nyingi kidogo. Maji yakipata joto, hupungua. Tofauti ni ndogo mno: nyuzi moja ya joto hubadili kipimo kwa takriban sehemu 0.2 kwa elfu. Harold Urey, mkemia wa Chicago, ndiye aliyeonyesha mwaka 1947 kwamba tofauti hiyo inaweza kutumika kupimia joto la zamani. Miaka michache baadaye kundi lake likatoa mlinganyo wa kwanza.

Kipimo huandikwa δ18O. Ni uwiano wa oksijeni 18 kwa oksijeni 16 ndani ya sampuli, ukilinganishwa na uwiano huohuo ndani ya kitu cha rejea, kisha tofauti ikaandikwa kwa sehemu za elfu (‰). Namba ikiwa chanya, sampuli ni nzito kuliko rejea. Ikiwa hasi, ni nyepesi.

Habari ya pili inayobebwa na gamba ni maji yenyewe. Maji nayo yana δ18O yake, na gamba huirithi moja kwa moja. Maji yanapogeuka mvuke, molekuli zenye oksijeni 16 hutangulia kuondoka kwa kuwa ni nyepesi, na zilizobaki nyuma huwa nzito zaidi. Ziwa Viktoria linapokea sehemu kubwa ya maji yake kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa hupotea kwa mvuke. Kinachosalia ndicho hutoka Jinja kuingia mto Nile. Ziwa linalopoteza maji namna hiyo huwa zito. Maji ya bahari yapo karibu na sifuri kwenye kipimo cha maji. Ya ziwa letu yapo kwenye +3.5 hivi.

Fanya zoezi hili kwenye karatasi kabla ya kuendelea. Chukulia gamba la kalsaiti (aina ya fuwele ya kalsiamu kaboneti, ile ya foraminifera wetu) limejengwa kwenye maji ya ziwa pale Igombe, joto likiwa nyuzi 25. Kwa mlinganyo tutakaoutumia baadaye, δ18O ya gamba hilo itakuwa takriban +1.1. Sasa mpe namba hiyo mtu asiyejua imetoka wapi, naye adhani ni ya bahari yenye maji ya sifuri. Atapiga hesabu na kupata nyuzi 8. Aliyewahi kuoga ziwani alfajiri pale Kirumba anaijua baridi, lakini baridi ya nyuzi 8 haijui. Hakuna aliyekosea kupima wala kukokotoa. Kilichokosewa ni maji tu, na kimegharimu nyuzi 17.

(Konokono halisi wa ziwani hujenga kwa aragonaiti, aina nyingine ya fuwele ya kalsiamu kaboneti, ambayo ina mlinganyo wake. Usichukue magamba ya konokono ukayaingiza kwenye mlinganyo wa foraminifera.)

Hatua ya 1: Pata tope linalofaa

Foraminifera wanaoelea, ambao ndio tunaowahitaji kwa joto la juu ya bahari, hawaishi Ziwa Viktoria. Hata kama wangeishi, ziwa letu lilikauka karibu lote mwishoni mwa zama za barafu na likaanza kujaa upya miaka kama 15,000 iliyopita, kwa hiyo kumbukumbu ya tope lake haiendi nyuma bila kukatika. Sakafu ya bahari inakwenda nyuma mamilioni ya miaka.

Tope la kazi halisi hutoka melini: bomba refu hushushwa mpaka chini, hujichoma ndani ya mashapo na kupandishwa likiwa limejaa. Huhitaji meli yako. Mashapo yaliyochimbwa Bahari ya Hindi na miradi mikubwa ya kimataifa yamehifadhiwa Kochi, Japani, na mtafiti huomba vipande kwa maandishi akieleza anataka kina kipi, gramu ngapi na kwa swali gani. Mwanafunzi huomba kupitia msimamizi wake. Omba tope lililotoka mahali pasipo na kina cha kupindukia. Ukifika kilomita 4 hadi 5 chini ya maji, magamba mengi huyeyuka kabla ya kuzikwa, na yanayobaki ni yale magumu tu, ambayo aghalabu yalijengwa kwenye maji ya chini yenye baridi zaidi. Joto lako litapungua bila bahari kupoa.

Kwa mazoezi, mwombe ndugu aliyeko Bagamoyo au Unguja akufungie kikombe cha mchanga wa ufukweni, ule unaobaki kwenye mistari maji yanapokupwa, akautume kwa basi. Humo utawakuta foraminifera wakubwa wa chini kama Amphistegina, wanaong'aa na wenye umbo la dengu. Wanatosha kabisa kukuzoesha jicho na brashi. Usiwapimie joto: mchanga wa ufukweni umechanganya umri na umesagwa na mawimbi.

Hatua ya 2: Osha bila kuua ushahidi

Kausha tope kwenye joto lisilozidi nyuzi 50. Pima uzito, kisha uloweke kwenye maji safi kwa saa kadhaa, ukitikisa polepole. Tope la mfinyanzi likigoma kuachana, tone la sodiamu heksametafosfeti husaidia. Halafu mimina juu ya chekeche la mikromita 63 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) na osha kwa maji yanayotiririka taratibu mpaka yanayotoka chini yawe meupe. Usisugue kwa kidole. Magamba yanavunjika, na yanayovunjika kwanza ni yale membamba.

Nikae kidogo kwenye suala la maji, maana huku kwetu lina mtego. Maji ya bomba yanaweza kutumika kwa uoshaji wa kwanza, ila suuza ya mwisho iwe kwa maji yasiyo na madini. Watu hukimbilia gereji kununua maji ya betri. Angalia sana unachopewa: dukani jina hilohilo hutumika kwa maji safi ya kuongezea na kwa maji yaliyochanganywa na asidi ya salfuriki. Chovya karatasi ya litmasi kwanza. Maji yenye asidi, hata kidogo, yatakula magamba, na kinachotisha ni kwamba hayatayala yote kwa usawa. Yatakuachia sampuli inayoonekana nzima lakini iliyochaguliwa na asidi.

Jambo la pili ni chekeche lenyewe. Punje za sampuli iliyotangulia hujificha kwenye nyuzi za waya. Wataalamu wa zamani wana dawa nzuri: baada ya kila sampuli, wanaosha chekeche kisha wanalitumbukiza kwenye rangi ya bluu ya methilini. Gamba lolote lililobakia hugeuka bluu. Likijitokeza kwenye sampuli inayofuata, utalijua papo hapo chini ya hadubini na kulitupa. Bila rangi hiyo, gamba la miaka 20,000 litajichanganya na la miaka 5,000 na hutajua kamwe.

Kausha tena, kisha chekecha kavu. Kwa foraminifera wanaoelea chukua punje za mikromita 250 hadi 355 tu, na ushikilie kipimo hicho kwenye sampuli zote. Mdogo na mkubwa wa spishi moja hawana δ18O sawa, kwa sababu kiumbe hubadilisha kina na mwendo wa maisha kadiri anavyokua.

Hatua ya 3: Okota spishi moja

Zima feni. Ndiyo, hata saa nane mchana mwezi wa Oktoba. Feni ikiwashwa kwa sekunde moja, kazi ya asubuhi nzima inapeperuka kutoka kwenye kibao. Ukitaka kupiga chafya, geuka.

Mimina punje kidogo kwenye kibao cheusi chenye miraba, weka chini ya hadubini ya macho mawili, na tumia brashi nyembamba kabisa, namba 000, iliyoloweshwa ncha kwa maji safi. Gamba hunata kwenye ncha, unalihamishia kwenye kijikaratasi chenye vyumba. Usiloweshe brashi kwa mate, hata kama utawaona wakongwe wakifanya hivyo.

Kwa maji ya juu ya tropiki, spishi inayotumika sana ni Globigerinoides ruber, ile nyeupe. Itambue hivi: mzunguko wa mwisho una vyumba vitatu vya duara, tundu kuu ni la upinde, limekaa juu ya mshono wa vyumba viwili vya nyuma, na ukiligeuza gamba upande wa pili utaona matundu mengine mawili madogo kwenye mishono. Hayo mawili ndiyo kitambulisho. Trilobatus sacculifer huwachanganya wengi, lakini chumba chake cha mwisho mara nyingi ni kama kifuko kilichorefuka. Globorotalia menardii huwezi kuikosea: ni bapa na ina ukingo mnene pembeni. Huyo huishi chini zaidi, kwenye maji yenye baridi, kwa hiyo ukimchanganya na ruber unachanganya tabaka mbili za bahari.

Usipime gamba moja ukadhani umepata joto la karne. Foraminifera hawa huishi wiki chache tu, na gamba moja ni kumbukumbu ya wiki hizo. Okota 15 hadi 20 wa spishi moja kutoka kila kina cha tope, ili kipimo kiwe wastani wa miaka mingi. Kupima mmojammoja kunafaa pale ambapo swali lako ni mabadiliko ya majira, na ni kazi nyingine.

Hatua ya 4: Kagua kama gamba bado ni lile lile

Hapa Tanzania ina hadithi yake, na inastahili kuelezwa kirefu.

Kwa miaka mingi vipimo vya foraminifera wa tropiki wa kipindi cha Eosini, kati ya miaka milioni 56 na milioni 34 iliyopita, vilitoa jibu la ajabu. Ncha za dunia zilikuwa na joto, mamba waliishi kaskazini ya mbali, lakini bahari ya tropiki ilionekana kuwa na baridi kuliko ya leo. Wanaotengeneza modeli za hali ya hewa walihangaika kutafuta namna dunia inavyoweza kupasha ncha zake huku ikipoza kiuno chake.

Jibu lilikuwa Kilwa na Lindi. Mfinyanzi wa pwani ya kusini hauruhusu maji kupita kwa urahisi, na foraminifera waliozikwa humo walibaki kama kioo: ukiwaweka chini ya hadubini, mwanga unapenya. Mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake walichapisha vipimo vya magamba hayo ya kioo, na bahari ya tropiki ya Eosini ikatoka na joto sawa na la leo au zaidi. Uchimbaji uliofuata kwenye eneo hilo, kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, uliongeza ushahidi. Magamba ya zamani yaliyotoka kwenye sakafu ya bahari kuu yalikuwa yamejijenga upya baada ya kufa. Fuwele zao za awali ziliyeyuka kidogo kidogo na nyingine kuota mahali pake, kwenye maji ya chini yenye baridi. Umbo lilibaki, kemia ikabadilika. Wapimaji walikuwa wanapima joto la kaburi.

Kwa hiyo kagua. Chini ya hadubini ya kawaida, gamba zuri la zamani linapenyeza mwanga. Lililojijenga upya huonekana jeupe kama lina ukungu. Vunja machache uangalie ukuta kwa ndani. Kama unaweza kufikia hadubini ya elektroni, piga picha ya ukuta: matundu yake yawe wazi na punje za ukuta ziwe ndogo mno, bila fuwele kubwa zenye kona kali. Sampuli isiyopita ukaguzi huu usiipeleke mashineni, hata kama umeiokota kwa siku mbili.

Hatua ya 5: Safisha na upeleke maabara

Ponda magamba kidogo kati ya vioo viwili mpaka vyumba vifunguke. Yatie kwenye methanoli safi, yatikisishe kwenye chombo cha mawimbi ya sauti kwa sekunde chache tu, kisha fyonza kimiminika chenye matope na ukaushe. Mikrogramu 50 hadi 100 zinatosha mashine nyingi za kisasa, nyingine hutosheka na chini ya hapo.

Kabla ya kutuma popote, iandikie maabara kwanza. Uliza wanahitaji uzito gani, wanataka vichupa vya aina gani, na bei. Uliza pia chuoni kwako kuhusu vibali vya kutoa sampuli nje ya nchi. Kwenye kila kichupa andika kwa penseli, si kwa kalamu ya wino.

Hatua ya 6: Elewa kinachorudi

Maabarani gamba hudondoshewa asidi ya fosforiki, kwa kawaida kwenye nyuzi 70, likatoa hewa ya kaboni dayoksaidi. Mashine huipasua hewa hiyo kwa uzito na kuhesabu molekuli za 44, 45 na 46. Ile ya 46 ndiyo hasa yenye oksijeni 18.

Katika jedwali utakaloletewa tafuta vitu viwili. Cha kwanza ni kipimo cha rejea. Magamba hupimwa dhidi ya VPDB, jina lililotokana na kisukuku cha belemnaiti (mnyama wa kale wa baharini, jamaa ya ngisi) wa tabaka la Pee Dee huko South Carolina, Marekani. Maji hupimwa dhidi ya VSMOW, maji ya bahari ya wastani. Vipimo hivi viwili vimetengana kwa zaidi ya 30 kwa elfu: gamba lenye −2.5 kwa VPDB huwa +28.3 kwa VSMOW. Ukiona namba ya gamba iko karibu na 28, umeletewa kipimo kingine, usishtuke.

Cha pili ni namba za sampuli za udhibiti. Kila maabara hupima kaboneti inayojulikana katikati ya sampuli zako. NBS 19, iliyotumika miaka mingi, ina δ18O ya −2.20, IAEA-603 iliyochukua nafasi yake ina −2.37. Kama siku yako namba zao zilitofautiana na hizo kwa zaidi ya 0.1, omba zirudiwe. Una haki hiyo, umelipa.

Hatua ya 7: Piga hesabu

Kuna milinganyo mingi. Kwa foraminifera wanaoelea mimi hupendelea ule wa Bemis na wenzake wa mwaka 1998, uliotengenezwa kwa kufuga Orbulina universa, mmojawapo wa foraminifera hao, kwenye maji ya joto linalojulikana (T ni joto kwa nyuzi za Selsiasi):

T = 14.9 − 4.80 × (δ18O ya gamba − δ18O ya maji)

Maji lazima yahamishwe kwanza kwenda upande wa VPDB kwa kutoa 0.27. Kwenye Excel, kama gamba liko B2 na maji (kwa VSMOW) yako C2, andika:

=14.9-4.8*(B2-(C2-0.27))

Tujaribu kwa namba za mazoezi. Gamba la ruber lina −2.5, maji yana +0.3. Maji yanakuwa 0.03, tofauti ni −2.53, jibu ni nyuzi 27.0. Ni joto ambalo mtu wa Dar es Salaam hawezi kulibishia.

Orbulina huishi na mwani ndani ya mwili wake, na mwani ukipata mwanga hubadili kemia ya maji yanayoligusa gamba. Ndiyo maana watafiti hao walitoa mlinganyo wa pili, kwa waliofugwa kwenye mwanga hafifu, ambao huanza na 16.5 badala ya 14.9. Kuchagua mmoja badala ya mwingine kunahamisha kila joto lako kwa nyuzi 1.6. Chagua, taja ulichochagua, na usibadilishe katikati ya jedwali.

Hatua ya 8: Ondoa barafu, kisha mvua

Wanafunzi hufika hapa wakauliza: "Mwalimu, si tutumie tu maji ya leo kwa sampuli zote?" Hapana, na sababu yake iligawanya wataalamu kwa miaka.

Theluji inayonyesha kwenye ncha za dunia ni nyepesi mno, maana mvuke umeshadondosha uzito wake njiani. Barafu ya katikati ya Antaktika huwa chini ya −50. Barafu ikirundikana nchi kavu, inaifungia oksijeni 16 huko, na bahari inabaki nzito. Miaka 20,000 hivi iliyopita usawa wa bahari ulikuwa chini kwa mita kama 120, na maji ya bahari yalikuwa mazito kwa takriban 1.0 kuliko ya leo.

Rudi kwenye mfano. Tuseme gamba la zama za barafu lina −0.9. Ukitumia maji ya leo, unapata nyuzi 19.4: bahari ya tropiki imepoa kwa karibu nyuzi 8. Ukiongeza 1.0 kwenye maji, yakawa +1.3, unapata 24.2. Imepoa kwa karibu nyuzi 3. Cesare Emiliani, aliyechapisha mwaka 1955 mfululizo wa kwanza mkubwa wa joto la bahari kwa foraminifera, aliihesabia barafu sehemu ndogo ya badiliko la δ18O na joto sehemu kubwa. Mwaka 1967 Nicholas Shackleton akaonyesha kwamba foraminifera wa sakafuni, ambako maji ni ya baridi siku zote na hayana nafasi ya kupoa sana, nao wana badiliko linalokaribia lile la juu. Sehemu kubwa ya badiliko hilo, basi, ilikuwa barafu.

Kwa Eosini geuza hesabu: barafu kubwa haikuwepo, bahari ilikuwa nyepesi, na wengi hutumia takriban −1.0 kwa maji.

Barafu ikishaondolewa, bado kuna mvua na mito. Tope lililotoka karibu na mdomo wa Rufiji limekaa chini ya maji ambayo mwaka wa mvua nyingi huwa na chumvi pungufu na δ18O nyepesi; mlinganyo utayasoma hayo kama joto. Hapa ndipo unapohitaji kipimo cha pili kisichojali δ18O ya maji. Kinachotumika sana ni uwiano wa magnesiamu na kalsiamu ndani ya gamba lilelile, ambao hupanda kwa takriban asilimia 9 kwa kila nyuzi moja. Kwa ruber na wenzake hutumika mlinganyo wa Anand na wenzake wa mwaka 2003: uwiano, kwa milimoli kwa moli, ni 0.38 mara eksponenti ya 0.09 × T. Nyuzi 27 hutoa karibu 4.3. Ukishapata joto kwa njia hiyo, geuza mlinganyo wa δ18O utafute maji, na mara nyingi maji hayo ndiyo yenye habari kubwa zaidi: yanakueleza mvua na mito ya wakati ule.

Hatua ya 9: Andika namba kwa adabu

Kosa la mashine la 0.08 ni nyuzi 0.4. Kutokuwa na hakika na maji kwa 0.3 ni nyuzi 1.4. Ukiyaunganisha (jumlisha miraba ya makosa hayo, kisha tafuta kipeo cha pili cha jumla) unapata nyuzi 1.5, na hapo bado hujahesabu uchaguzi wa mlinganyo. Kwa hiyo andika 24 ± 1.5, wala usiandike 24.16. Ila tofauti kati ya sampuli mbili za jedwali moja inaaminika zaidi kuliko joto la kila moja, maana makosa ya mlinganyo hujifuta. Anza ripoti na tofauti hizo.

Taja pia joto hilo ni la nani. Ruber huishi kwenye mita 50 za juu hivi, kwa hiyo huwezi kuandika kuwa umepata "joto la bahari".

Umri wa tope hupatikana kwa njia nyingine, kama kaboni 14 kwa miaka isiyozidi 50,000 hivi, na una mwongozo wake.

Katika jedwali la mwisho weka safu hizi: kina cha tope, spishi, ukubwa wa punje, idadi ya magamba, δ18O ya gamba kama ilivyotoka maabara, δ18O ya maji uliyokadiria na sababu yake, mlinganyo, na joto likae safu ya mwisho. Anayekuja mwaka kesho na makadirio bora ya maji atabadilisha safu moja tu, na Excel itafanya zilizobaki.